Mlinda Lango wa Kesho

Nchi hii ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, kwa sababu ramani yake iko kwa mpiga chapa, na mpiga chapa anasubiri kibali. Lakini ipo. Nimeishi humo miaka hamsini na minane, na kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa karani wa vikao katika Wizara ya Michezo na Matarajio. Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa, na baadaye, nikielekezwa, kuandika yaliyopaswa kusemwa. Jina langu Makame Tuwa. Nimechoka kidogo. Silalamiki, ni uchovu tu wa mtu aliyekaa sana kwenye viti vya plastiki.

Mambo haya yalianza siku timu yetu ya taifa ya wanawake ya mpira wa magongo ilipofungwa na majirani zetu kumi na nne bila. Mlinda lango wetu alikuwa Bi Regina, mwanamke mwema mwenye wajukuu wawili. Alikuwa akiinama kuufuata mpira, na anapoinuka anakuta mwingine umeshaingia. Wananchi walinung'unika. Serikali yetu ni sikivu sana. Wiki haikuisha ikaunda tume.

Iliitwa Tume ya Uteuzi wa Vijana na Majukumu Yao ya Baadaye. Ilitakiwa kuchagua wasichana watano kati ya arobaini, na kutamka kila mmoja atakuwa nani katika timu miaka kumi ijayo. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Dokta Kasebele. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, aliopewa na chuo ambacho nacho kilikuwa cha heshima, maana majengo kilikuwa hakijapata. Magongo alikuwa hajawahi kuyatazama maishani mwake, na hilo lilitajwa kwenye barua ya uteuzi kama sifa.

Wasichana walikuwa wakifanyiwa majaribio uwanjani, mjini, kwenye joto. Tume ilikaa kwenye hoteli ya milimani, mwendo wa saa tano kwa gari, kwa sababu fikra za mbali zinahitaji hewa baridi. Siku ya kwanza akaja Kocha Tabu Mnyasenga na daftari lake. Mwanamke huyu alikuwa mfupi, sauti imemkauka kwa kupiga kelele pembeni mwa uwanja, na wasichana wote arobaini alikuwa amewatazama miezi mitatu mfululizo.

"Waheshimiwa," akasema, "kesho asubuhi wanacheza wao kwa wao. Tukishuka leo tutawakuta. Mtawaona kwa macho yenu."

Mwenyekiti akavua miwani. "Kocha, ukimwona mtu anacheza vizuri, si utampenda?"

"Nitampenda, Mheshimiwa."

"Na ukishampenda, si utamteua?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Basi huo ndio upendeleo. Tume hii haitatazama mchezo wowote."

Wajumbe wakapiga meza kwa viganja. Nikaandika: Tume imekataa upendeleo.

Wa kwanza kujadiliwa alikuwa Filomena Batamu, ambaye kwa bahati tu mama yake alikuwa dada wa Waziri. Hakuna aliyeuliza kama ateuliwe. Mjadala, uliochukua siku nzima na chai mara tatu, ulikuwa kama atakuwa nahodha baada ya miaka minne au baada ya sita. Mjumbe mmoja aliinua picha yake ya pasipoti akasema binti ana kidevu cha uongozi. Mwingine akasema kidevu ni kweli, lakini tusikiharakishe. Mwishowe akaitwa mwenyewe. Akaja, msichana wa miaka kumi na tisa, mnene kidogo, mwenye haya, mkononi kashika pampu yake ya pumu.

"Shikamooni," akasema. "Naombeni msamaha, mimi magongo sijawahi kucheza. Nikikimbia nabanwa kifua. Nataka kusomea ufundi wa mafriji, fomu nimeshajaza."

Kocha Tabu akamtazama kwa huruma, na nadhani kwa shukrani. Kisha Mwenyekiti akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeguswa moyo.

"Mmesikia? Unyenyekevu. Siku hizi vijana hawana kitu hiki. Andika, Mzee Makame: mnyenyekevu."

Akapita kwa kauli moja kuwa Nahodha wa Baadaye. Alipotoka nilimsikia kwenye korido akiuliza askari wa mlangoni mahali pa kukatia rufaa. Askari akamwambia ofisi ya rufaa iko likizo.

Siku ya tatu tukafika kwa Asteria Mbonde. Alikuwa na miaka kumi na minane, mtoto wa fundi ujenzi, mwembamba, mikono mirefu. Kabla ya magongo alikuwa kibarua kwenye majengo. Alisimama juu ya jukwaa na kudaka matofali aliyorushiwa na watu wa chini, moja baada ya jingine, kutwa. Tofali halina subira. Ukilikosa, ama litakupasua wewe au litamwangukia mwenzako aliye chini. Asteria hakuwahi kuliangusha hata moja, na Kocha Tabu, siku alipopita pale na kumwona, alisimama barabarani mpaka jua likamchoma shingo.

"Amepigiwa penalti hamsini," Kocha akasoma kwenye daftari. "Zimeingia nne. Waheshimiwa, sijawahi kuona mlinda lango wa namna hii, na nimeanza kazi hii kabla hajazaliwa. Mpeni goli. Mechi ya mwezi ujao aanze yeye."

Nilidhani jambo litakwisha pale. Lilichukua siku mbili na nusu. Mjumbe mmoja alitaka kujua kwa nini binti hana barua ya mtu yeyote. Mwingine aliogopa kwamba akidaka sana atapata kiburi. Hatimaye Mwenyekiti akainua mkono.

"Ndugu wajumbe, nimemsikiliza Kocha. Ikiwa anayoyasema ni kweli, huyu binti ni hazina. Nawauliza, hazina inafanywa nini?"

"Inatunzwa!" wakajibu.

"Mheshimiwa," akasema Kocha Tabu, "mlinda lango hakomai kwa kutunzwa. Anakomaa kwa kupigiwa mipira."

"Kocha, dhahabu ya nchi umewahi kuiona ikirandaranda sokoni?"

"Huyu si dhahabu. Ni mtu, na ana miaka kumi na minane leo."

"Leo ni siku gani?"

"Jumatano."

"Na vijana ni taifa la lini?"

Kocha aliujua wimbo huo. Sote tulifundishwa shuleni.

"La kesho," Mwenyekiti akajijibu. "Na Jumatano si kesho."

Ikaamuliwa kwamba Asteria Mbonde ni Hazina ya Taifa, na kwamba hatacheza mechi yoyote, kubwa wala ndogo, mpaka Tume iridhike kuwa kesho imefika. Akavishwa mshipi wa rangi za bendera na kupewa cheti ambacho jina lake liliandikwa Asteri. Alishukuru. Alidhani ni jambo la wiki mbili.

Wateule watano wakapelekwa kwenye Kituo cha Kutunzia Vijana, ambacho zamani kilikuwa ghala la pamba. Katika mwaka wa kwanza mmoja aliolewa, mmoja akaenda chuo cha ualimu, na mmoja akaruka ukuta, akawa askari polisi. Wakabaki Asteria na Filomena. Mimi nilitumwa kila mwezi na futi kamba kumpima Asteria urefu wa mikono, ili taifa lijue maendeleo yake. Mikono haikurefuka. Niliandika kwamba haijapungua.

"Mzee Makame," aliniuliza siku moja huku kanyosha mkono nimpime, "hiyo kesho ni lini?"

"Iko kwenye ajenda, mwanangu."

"Namba ngapi?"

"Mengineyo."

Hakunikasirikia. Ingekuwa afadhali angenikasirikia. Alishusha mkono, akaenda kuketi dirishani, mahali ambapo kutwa nzima aliweza kuona ukuta.

Timu ikaendelea kufungwa. Tisa bila. Kumi na mbili bila. Kila baada ya mechi Tume ilikutana na kujipongeza kwamba Hazina haikuhusika na aibu hiyo.

Mwaka wa pili nilifika Kituoni siku ambayo haikuwa ya kupima, kuchukua kitabu changu cha risiti nilichokisahau. Nikasikia vishindo nyuma ya jiko. Nikazunguka. Asteria alikuwa amesimama mbele ya ukuta, miguuni amejifunga vipande vya godoro kwa kamba za katani. Hatua kumi mbele yake Filomena alikuwa na gongo na ndoo ya mipira, ile migumu ya mechi ambayo Tume ilikataza isiingie Kituoni, akipiga mmoja mmoja kwa nguvu zake zote. Kila baada ya mipira sita alisimama, akavuta pampu yake, akaendelea. Waliponiona wakaganda.

"Shikamoo, Mzee Makame," akasema Filomena, gongo kalificha mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari.

"Marahaba. Nimekuja kukagua ukuta."

Nikaukagua. Nikaugonga gonga kwa kidole. Nikaandika kwenye kitabu changu kwamba ukuta uko imara na unahitaji kuachwa kama ulivyo. Toka siku hiyo nilikuwa nikibisha hodi kwa sauti kubwa kabla ya kuingia.

Sasa, jambo ambalo Tume haikulitabiri ni kwamba mtu akipiga mipira mia mbili kwa siku, mwaka baada ya mwaka, huku mbele yake yuko mlinda lango asiyepitika, anajifunza kupiga. Hata mwenye pumu. Kufika mwaka wa tatu Filomena alikuwa akiupiga mpira mpaka unalia hewani. Kocha Tabu alikuja kwa siri, akamtazama nusu saa, akaketi chini kwenye majani. "Jamani," akasema, "huyu niliyemhurumia ndiye nahodha kweli."

Alhamisi iliyofuata, taarifa ya habari ya saa nane mchana ilitangaza kwamba Waziri ametenguliwa. Saa kumi Tume ikawa imeshaketi. Ile picha ya pasipoti ikaletwa tena, na kila mjumbe, mmoja baada ya mwingine, akashangaa kwamba hakuwahi kukiona kile kidevu vizuri. Filomena akaondolewa kwa kauli moja kwa kukosa kipaji.

Alipewa barua jikoni, akiwa anafunga kompresa ya friji la Kituo alilolifufua mwenyewe. Akaisoma, akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena.

"Nilipokuwa sijui, waling'ang'ania," alimwambia Asteria. "Dada, mimi naenda zangu kutengeneza mafriji. Lakini nani atakupigia?"

"Nitarusha mwenyewe ukutani."

"Ukuta hauna mwili wa kukudanganya utapiga upande gani."

Wakakumbatiana. Nikajifanya nasoma barua ambayo niliiandika mimi.

Mwaka wa nne majirani walikuja kwetu. Asteria alikuwa na miaka ishirini na miwili. Tume iliagiza akae jukwaa kuu na mshipi wake, wageni wamwone. Langoni alikuwa Bi Regina, sasa na wajukuu wanne. Mimi nilikuwa pembeni ya uwanja na muhuri wa Tume mfukoni, kwa sababu kwa kanuni zetu mchezaji yeyote akibadilishwa fomu lazima igongwe muhuri.

Kabla ya mapumziko ilikuwa tano bila. Bao la tano lilipoingia Bi Regina alianguka vibaya, goti likageuka, na wakambeba filimbi ya mapumziko ikilia. Mlinda lango wa akiba hatukuwa naye, maana nafasi hiyo kwenye orodha ilikuwa imeshikiliwa na Hazina. Tume nzima ilikuwa imeondoka dakika kumi nyuma kuwapeleka wageni kwenye chakula.

Kocha Tabu akaja na fomu. Alikuwa ameshaijaza.

"Mzee Makame, goli liko wazi."

"Mwalimu, agizo unalijua."

"Nalijua. Mimi nimekuja kuomba muhuri, agizo sikukuuliza."

Nyuma yake Asteria alikuwa ameshashuka jukwaani. Alikuwa anavua mshipi, akaukunja vizuri pande nne kama watu wanavyokunja khanga, akauweka kwenye benchi. Hakunisihi. Ningependa kusema kwamba nilipata ushujaa, lakini ukweli ni kwamba nilijisikia mzito tu, kama mtu aliyebeba gunia la mwenzake miaka mingi na hajui humo ndani mna nini. Nikatoa muhuri nikagonga. Uligongeka ukiwa umepinda.

Mpira wa kwanza ulimkuta bado anakaza glavu. Aliuzuia kwa mguu. Wa pili akaupangua juu ya mwamba. Kisha majirani wakapata kona fupi, ile ambayo wapigaji wanajipanga mbele ya goli na mpira unakuja kama jiwe la kombeo, na huo ukampata kwenye mkono juu ya kiwiko, mahali pasipo na kinga. Akaenda chini. Akainuka, akautikisa mkono, akapiga hatua moja mbele. Walipata kona fupi saba kipindi hicho. Hakuna hata moja iliyopita.

Zikiwa zimebaki dakika nne ikawa penalti. Nahodha wao aliuweka mpira chini. Nikasikia sauti jukwaani, nene, imebanwa kifua: "Tazama bega, Asteria! Bega!" Alikuwa Filomena, na ovaroli lake la ufundi, kasimama juu ya kiti. Mpira ukaenda kushoto, chini. Mkono wa Asteria ulikuwa umeshafika.

Tulifungwa tano bila, na watu wakaingia uwanjani kushangilia kama waliotwaa kombe. Sijawahi kuona kipigo kinachofurahiwa vile. Nahodha wa majirani alimfuata Asteria, akamshika bega.

"Wewe, miaka yote hii ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natunzwa," akajibu.

Tume ilisikia vifijo ikiwa mezani, ikadhani tumeshinda, ikarudi mbio na taarifa ya pongezi. Usiku hawakulala, wala asubuhi hawakunywa chai. Waliketi kwa dharura.

Tatizo lilikuwa zito. Kama Asteria alicheza, basi Hazina ya Taifa imetumika bila idhini, na Ikulu itauliza ni nani aliyekuwa akiilinda, na alikuwa akila nini wakati huo. Mwenyekiti akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ya upole, "Mzee Makame, kipindi cha pili binti alifungwa mangapi?"

"Hakufungwa, Mheshimiwa."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Na sisi tulifunga mangapi?"

"Hatukufunga."

Akaegemea kiti. Nilimwona akipata nuru. "Basi kipindi cha pili kikiondolewa, matokeo yanabadilika?"

Wakapiga hesabu. Mjumbe mmoja aliazima kikokotoo ahakikishe. Tano bila, ukitoa sifuri bila, inabaki tano bila. Ikaamuliwa kwamba kipindi cha pili hakikuchezwa, kwa sababu ya mvua. Mvua ilikuwa haijanyesha miezi mitano. Angeruhusu hata bao moja wasingeweza kumfuta. Lakini alizuia yote, hivyo hakuacha kitu cha kuandikwa. Kocha Tabu naye hakuweza kufukuzwa kwa kumwingiza mchezaji kwenye kipindi ambacho hakikuwepo. Alifukuzwa kwa kosa la kubaki uwanjani dakika thelathini na tano baada ya mchezo kwisha.

"Andika," Mwenyekiti akaniambia.

Niliandika. Sitajificha. Miaka ishirini na miwili mkono umezoea, ukiambiwa andika unaandika. Nilipofika neno mvua, kalamu ilikwama, nikaitikisa, nikamalizia.

Siku ya tatu nilikwenda Kituoni kumwambia mwenyewe, ili asilisikie redioni. Nikamkuta barazani na sanduku la bati, amevaa blauzi ya mikono mirefu. Kocha Tabu alikuwa amepata kazi ya kufundisha michezo katika shule ya masista huko kusini, shule yenye timu inayocheza kila Jumamosi, na alikuwa amemwita. Filomena alikuwa njiani na pikapu ya wateja wake.

Nikamsimulia. Sikupunguza kitu, hata kikokotoo nilikitaja. Nilipomaliza nikaona aibu hata ya kuketi.

"Na nani aliyeandika?" akauliza.

"Mimi, mwanangu."

"Mvua?"

"Mvua."

Akafungua kifungo cha mkono wa blauzi, akaukunja taratibu mpaka juu ya kiwiko. Pale palipopigwa na ule mpira wa kona fupi palikuwa pamevilia damu, duara kubwa kama kisosi, katikati zambarau, pembeni linaanza kuwa la kijani.

"Waambie waje walifute na hili," akasema.

Nililitazama. Nikauliza la kipumbavu, kama wanavyouliza watu wazima.

"Linauma?"

"Linauma sana, Mzee Makame," akasema Asteria, na akacheka mpaka meno yote yakaonekana.